Nyama ya Friza Isiyeyushiwe Mezani

Idi ya kuchinja ikipita, nyumba nyingi za mwambao hubaki na mafungu ya nyama frizani. Desturi ni kutoa fungu alfajiri, kuliacha juu ya meza ya jikoni na kulirudia adhuhuri. Desturi hiyo hatuipendi. Nyama huyeyuka kuanzia nje. Kiini kingali jiwe, ngozi ya juu imekwisha kupata joto la chumba, na kwa joto letu la Mombasa au Lamu vijidudu huzaana upesi. Wapo wasemao kuwa moto utaviua. Ni kweli, lakini baadhi huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa, na wanaoumia zaidi ni watoto, wazee na waja wazito.

Nyama na ihamishiwe rafu ya chini ya jokofu, ndani ya bakuli, ili maji yake ya damu yasidondokee kachumbari. Fungu la kilo 2 huhitaji takriban saa 24. Basi mwenye biriani ya Ijumaa mchana aitoe Alhamisi asubuhi mapema.

Mgeni akibisha hodi ghafla, ifungeni katika mfuko usiopenya maji, muitumbukize katika maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30, kisha ipikwe papo hapo. Maji ya moto, hasha. Vipande vidogo vya supu vyaweza hata kuingia sufuriani na barafu yake, ila vitachelewa kuiva.

Iliyolala mezani isirudishwe frizani. Iliyoyeyukia jokofuni yaweza kugandishwa tena, ingawa utamu wake hupungua.