Usiniulize Sumu, Nieleze Mkia

Swali ni lilelile, litoke Point au Umlazi: "Mtaalamu, sumu ipi ni kali kuliko zote?" Hakuna anayeniambia ana panya gani.

Durban ina wengi. Panya wa mitaroni, Rattus norvegicus, ni mzito, mkia wake ni mfupi kuliko kiwiliwili, na huchimba mashimo. Panya wa darini, Rattus rattus, ana mkia unaozidi mwili na hupanda nyaya. Jimboni yumo pia Rattus tanezumi wa Asia, ambaye kwa macho humtofautishi na huyo wa darini; wa darini ana kromosomu 38, huyu wa Asia 42. Halafu panya shamba, yuleyule anayefukua mbegu za mahindi Morogoro. Andrew Smith alimwandika kitaalamu mwaka 1834 kwa kielelezo cha Port Natal, yaani Durban hii, ndiyo maana hata Tanzania anaitwa Mastomys natalensis. Mgeuze jike uone: chuchu safu mbili, hadi 24.

Sasa hiyo sumu. Zile chembe nyeusi za vipaketi zinazouzwa barabarani, halephirimi, kwa kawaida ni aldikabu, dawa ya wadudu wa mashambani. Wateja huisifu kwa sababu panya huanguka palepale. Huo ndio ubovu wake! Panya wa Rattus huogopa chakula kigeni. Hudonoa kidogo, na kwa kuwa hawezi kutapika, hungoja aone tumbo litasemaje. Aliyeonja kidogo akaugua akapona hagusi tena chambo hicho. (Na hapana, hakuna mzee anayetumwa kuonja kwa niaba ya ukoo.) Sumu halali za kuzuia damu isigande huchukua siku kadhaa kuua, hivyo panya hajui kilichomdhuru. Ninyi mnauita huo udhaifu.

Anayekufa palepale bila kusitasita ni mbwa. Na mtoto. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, na Wizara ya Afya ikataja terbufosi, sumu nyingine ya shambani inayouzwa mitaani kwa ajili ya panya. Mtoto akitokwa na mate, mboni zikisinyaa, akilegea, msipoteze muda na maziwa: hospitali, na pakiti mkononi.

Mnataka la kufanya? Haya. Angalieni mavi: butu, karibu sentimita mbili, ni wa mitaroni, yaliyochongoka ni wa darini. Wa mitaroni, rekebisheni bomba lililopasuka, tegeni kando ya ukuta. Wa darini, kateni matawi yanayogusa paa, tegeni juu ya boriti. Panya shamba, fyekeni majani yaliyozunguka nyumba, nafaka iingie kwenye pipa la bati. Mitego ikae siku chache na chambo bila kutegwa, wazoee. Mashimo yazibwe kwa waya wa chuma na saruji, taka zifunikwe kabla ya giza. Sumu ikibidi, iwe ya dukani, yenye lebo, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo.