Je, Wajua? Koili Ndizo Usukani wa Protoni

Je, wajua kwamba protoni zinazokaribia kasi ya mwanga huongozwa na nyaya zisizozigusa kamwe? Katika LHC, mtambo wa kugonganisha protoni wa kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzunguka njia ya kilomita 27 chini ya ardhi zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Kinachozishika njiani ni sumaku, na nguvu ya sumaku hizo hutoka kwenye koili zinazopitisha umeme.

Sumaku za ncha mbili ziko 1,232, kila moja na urefu wa mita 15. Kazi yake ni kupinda njia ya protoni. Zimesanifiwa kufikisha uga wa sumaku wa tesla 8.3, kwa umeme wa karibu ampea 11,800. Koili zake ni za aloi ya niobi na titani, na hupozwa kwa heli kioevu hadi nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo umeme hupita bila ukinzani wowote.

Kupinda pekee hakutoshi, maana protoni hutawanyika. Hapo huingia sumaku za ncha nne. Ajabu yake ni kwamba sumaku hiyo ikiubana mwale wa protoni kwa upana, huutanua kwa kimo. Dawa ni kuzipanga kwa zamu: hii ibane kwa upana, inayofuata ibane kwa kimo. Mwishowe mwale hubanwa pande zote. Courant, Livingston na Snyder walitangaza mbinu hiyo huko Marekani mwaka 1952, ingawa Mgiriki Nicholas Christofilos, mhandisi wa lifti, alikuwa ameigundua peke yake kabla yao.

Kila protoni huyumba kushoto na kulia zaidi ya mara 60 katika mzunguko mmoja, na ushei usiotimiza mara kamili. Ushei huo ndio usalama wake. Idadi ikiwa kamili, kasoro ndogo ya sumaku moja huisukuma protoni vilevile kila inapopita, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi, hadi igonge ukuta wa bomba inamopita. Waendeshaji huepuka hilo kwa kuongeza au kupunguza kidogo umeme wa koili. Sumaku za ncha sita nazo husahihisha protoni zenye nishati tofauti kidogo na nyingine.

Kosa dogo hugharimu sana. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa, heli ikavuja, na mtambo ukasimama zaidi ya mwaka.

Chembe ya Higgs, iliyopatikana kwenye migongano ya protoni za LHC, ilipotangazwa tarehe 4 Julai 2012, sifa nyingi zilikwenda kwa vifaa vilivyoinasa. Koili zinastahili sehemu yake: bila mwale uliobanwa hadi kuwa mwembamba kuliko unywele, migongano ya protoni ingekuwa michache mno.