Kwa Nini Babu Yako wa Kilifi Anamjua Joginder Singh na Hajawahi Kumiliki Hata Baiskeli

Jaribu hii leo jioni. Enda baraza lolote la kahawa pale Shella, Malindi, ama mangwe yoyote huko Kaloleni, utafute mzee wa miaka sabini hivi. Anza na shikamoo, adabu haili bando. Ukishapewa nafasi ya kukaa, taja jina moja tu: Joginder. Halafu nyamaza.

Mzee atashusha kikombe. Atakuambia rangi ya gari, atakuigizia mlio wa injini na mdomo, atakuonyesha na mkono venye lilikata kona. Atakuambia alikesha barabarani usiku mzima na mvua ikamnyeshea na hakujali. Na wewe utabaki unajiuliza: huyu mzee hana hata nduthi, haya mambo ya mbio za magari aliyatoa wapi?

Jibu ni Safari Rally. Sio hii ya Naivasha unayoiona TikTok. Ile ya zamani. Wacha tukupe rada yote, juu hii stori haifunzwi shuleni na wenye kuijua wanazidi kupungua.

Ilianza vipi?

Mwaka ni 1953. Kenya bado koloni, na Elizabeth wa Pili anatawazwa malkia kule Uingereza. Walowezi wapenda magari wakaamua kusherehekea kwa mbio za kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakaziita Coronation Safari. Mwaka wa 1960 jina likawa East African Safari, na kutoka 1974 ikawa Safari Rally tu.

Kwa hivyo ndio, ilianza kama mchezo wa wazungu. Lakini haikubaki yao, na hapo ndipo utamu ulipo.

Ilikuwa inaendeshwa vipi?

Sahau uwanja. Sahau tiketi. Safari ya zamani ilipita kwa barabara ya kawaida, ile ile ya basi, lori, mbuzi na mama mwenye ndoo kichwani. Barabara haikufungwa. Dereva wa ralli angeweza kukata kona na kukutana uso kwa uso na lori la makaa.

Mashindano yenyewe yalihesabiwa hivi. Njia yote, mara nyingi kama kilomita 5,000, ilikatwa vipande. Kila kipande kilikuwa na muda wake, na mwisho wa kipande kulikuwa na kituo cha kugongesha kadi. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa pointi ya adhabu. Muda wenyewe ulikuwa mkali, vipande vingine hakuna aliyeweza kufika bila kuchelewa. Kwa hivyo mshindi alikuwa yule aliyechelewa kidogo kuliko wote. Mchana, usiku, vumbi, matope, siku kadhaa mfululizo.

Halafu mara nyingi ilifanyika Pasaka. Na wewe msee wa Pwani unajua mvua za masika hazisomi kalenda ya mtu. Mwaka wa 1963 zilianza gari 84, zikamaliza 7. Mwaka wa 1968 zilianza 93, zikamaliza tena 7. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Gari kufika tu mwisho ilikuwa habari ya gazeti.

Ndio maana gari za Safari zilikuwa na sura ya vita: vyuma vikubwa mbele vya kujikinga na wanyama, taa za ziada, bomba la kupumulia limepandishwa juu ili maji ya mto yasiingie kwenye injini. Baadaye timu tajiri zikaleta ndege na helikopta, mtu anaangalia kutoka juu anamwambia dereva kwa redio: mbele kuna ng'ombe, punguza.

Pwani tuliingilia wapi?

Miaka mingi njia ya Safari ilishuka hadi Mombasa, ikipitia Taita na jangwa la Taru. Ukiangalia ramani utaona barabara ya Nairobi kuingia Mombasa inapita Mariakani, na Mariakani ni kwetu Kilifi. Kutoka Kaloleni hadi hapo sio mbali, na kwa kijana wa enzi hizo kutembea masaa kadhaa kuona gari likipita haikuwa kitu cha kulalamikia.

Waliokuwa upande wa Malindi walikuwa na kazi zaidi. Kumbuka daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo, ukitoka Malindi kwenda Mombasa lazima ungoje feri Kilifi uvuke. Kwa hivyo wengi wa Malindi na Watamu waliisikia Safari kwa redio, Sauti ya Kenya, wamekusanyika dukani kwa mwenye redio. Kesho yake gazeti moja linapita mikono ishirini hadi picha inafutika.

Na mtoto ambaye hakufika Mariakani alitengeneza Safari yake mwenyewe. Gari la waya, matairi ya ndara kuukuu, fimbo ndefu ya kuendeshea, matope ya nyuma ya nyumba. Ukibishana nani ni Joginder leo, mnapigana kwanza.

Sasa shika hii, juu ndio inaeleza kila kitu. Marekani wana mbio za gari ndogo kwenye viwanja vya udongo vya mviringo. Kule Knoxville, jimbo la Iowa, kuna mashindano makubwa ya kila mwaka tangu 1961, na wazee wa huko nao wanalia wakikumbuka enzi zao. Lakini yule mzee wa Iowa alikaa kitini, gari likampita mara thelathini usiku mmoja. Babu yako alikesha kando ya barabara, gari likampita mara moja, sekunde tano, limekwenda. Miaka hamsini baadaye bado anakusimulia hizo sekunde tano, na bado hajazichoka.

Majina unayosikia na hujui ni ya nani

*Joginder Singh.* Alizaliwa Kericho, fundi wa magari, Singasinga. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, sio gari mpya ya kiwanda, wakachukua taji. Alishinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Aliingia Safari 22 na akamaliza 19, na ushaona hapo juu kumaliza peke yake ilikuwa nini. Watu wakamwita Simba wa Safari. Alifariki 2013.

Mbona yeye hasa? Juu mwaka wa 1965 Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi. Hapa anatokea fundi wa gereji, sio mzungu, na gari kuukuu, anawapiga wenye pesa. Mtu wa kawaida akajiona pale. Hadi leo matatu ikikuchapa upepo kuna mzee nyuma atasema, "Huyu anajifanya Joginder."

*Shekhar Mehta.* Huyu alizaliwa Uganda, na familia yao ikaondoka wakati Idi Amin alipowafukuza Wahindi 1972. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza na pointi sawa kabisa, Mehta akapewa kwa sheria ya kuvunja sare. Halafu akarudi na kushinda nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mataji matano, na hakuna aliyempita.

*Patrick Njiru.* Huyu ni wa enzi za mamako na babako. Mkenya mweusi kwenye Subaru, na mwaka wa 1994 akamaliza nambari nne dhidi ya timu za dunia. Mwaka huo huo mshindi alikuwa Mkenya pia, Ian Duncan na Toyota Celica. Ukishangaa mbona vijana wa kwetu wanapenda Subaru hadi wanatoboa ekzosi ilie usiku watu wamelala, anza kulaumu miaka ya tisini.

Gari za mtaani zilitoka huko

Kampuni hazikuja Safari kwa mapenzi. Zilikuja kuuza. Gari likimaliza kilomita 5,000 za mashimo Afrika Mashariki, tangazo limejiandika lenyewe. Peugeot walishinda na 404 miaka ya sitini, wakaja na 504 wakashinda 1975 na 1978. Na ni Peugeot gani ilibeba abiria wa masafa marefu Kenya hii? Hizo hizo. Datsun wakashinda miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, na pikapu za Datsun zikajaa kila soko likibeba nazi na mahindi.

Kwa hivyo babu yako hakununua gari, lakini alijua ipi haivunjiki. Alikuwa ameiona kwa macho yake.

Lakini tusidanganyane

Wazee wakikumbuka huwa wanaacha sehemu fulani. Barabara wazi maana yake hatari ya kweli. Mifugo iligongwa, na ng'ombe mmoja kwa familia ya Taru ni karo na mahari. Watu walisimama hatua mbili kutoka kwa gari linalokuja kasi, watoto walivuka bila kujua. Leo hakuna anayeweza kuruhusu mambo hayo, na ni sawa asiruhusu. Unaweza kuipenda stori na bado ukakubali kwamba namna ile haifai kurudi.

Pia dereva aliyeshinda alirudi hotelini. Waliosukuma gari lake kutoka kwa matope majina yao hayako kwenye kitabu chochote. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ilienda wapi?

Safari ilikuwa kwenye ubingwa wa dunia kutoka 1973 hadi 2002. Ya mwisho ya kipindi hicho alishinda Colin McRae wa Scotland. Baada ya hapo ikatolewa, pesa na maandalizi yakiwa ndio shida kubwa. Ilirudi Juni 2021 na Sébastien Ogier akashinda, lakini sasa kambi ni Naivasha, barabara zinafungwa, na kilomita za mashindano zilikuwa kama 320 tu. Ni salama zaidi na kwa televisheni inabamba sana. Lakini msee wa Ganze akitaka kuiona, anahitaji nauli ya kuvuka nchi, chakula, na mahali pa kulala Naivasha wikendi ambayo bei za vyumba zimepanda hadi mawinguni. Zamani ilimpitia. Siku hizi aifuate, kama ana ganji.

Pwani tumebaki na Safari Classic, iliyoanza 2003 kwa gari za zamani, na mara nyingi imeanzia ama kumalizikia huku kwetu. Hiyo ndio nafasi yako ya kusikia mlio ule babu anaigiza na mdomo. Ikipita karibu, mchukue mzee uende naye. Usimwache nyumbani.

Kazi yako ya wikendi hii

Picha za Joginder zipo. Habari za Mehta utazipata. Kitu ambacho hakipo popote ni upande wa waliokuwa kando ya barabara, na hasa wa huku Kilifi. Nani alisukuma gari Mariakani? Redio ya duka gani Malindi ilijaza watu? Nani alipoteza mbuzi na akalipwa, ama hakulipwa? Hayo yote yako kichwani mwa mzee wa miaka sabini na kitu, na kila mwaka tunazika kadhaa.

Una simu. Washa sauti, weka mezani, muulize hivi:

1. Ulienda kuiona wapi, na ulifika vipi?
2. Ulikuwa na nani? Wako wapi sasa?
3. Gari la kwanza kupita lilikuwa gani?
4. Mlikula nini mkingoja?
5. Kuna gari lilikwama mkalisukuma? Dereva alisema nini?
6. Nyumbani walijua uko huko, ama ulichapwa uliporudi?

La sita usiliruke, hapo ndipo stori zote tamu zimejificha. Na umuulize bibi pia. Wasichana nao walikuwa kando ya barabara, ni vile tu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ukimaliza, andika jina lake, kijiji na tarehe, uhifadhi pahali ambapo simu ikiibiwa hutalia. Halafu mnunulie kahawa nyingine. Ya Mehta bado hajaanza.