Ushuru Uliondoka, Vikwazo Vikabaki

Mashine ya kufulia iliyotengenezwa Uturuki huingia Bulgaria bila kutozwa ushuru. Uturuki na Umoja wa Ulaya zina umoja wa forodha wa bidhaa za viwandani tangu mwisho wa 1995. Hata hivyo, kwenye mpaka wa Kapıkule foleni ya malori mara nyingi hufika kilomita kadhaa. Dereva anatakiwa awe na viza, na lori lake kibali cha usafirishaji.

Kwa Norway mambo ni kinyume. Raia wake huajiriwa Berlin au Madrid bila kibali cha kazi, kwa kuwa tangu 1994 nchi hiyo imo ndani ya soko la pamoja la Ulaya. Lakini haimo katika umoja wa forodha. Samaki wake aina ya samoni akiingia mbichi hutozwa asilimia 2. Akiwa amekaushwa kwa moshi, asilimia 13. Ndiyo maana kazi kubwa ya kukausha samoni wa Norway hufanyika Poland, na ajira huenda huko huko.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanazifahamu hatua hizi: Jumuiya yetu ilianza na umoja wa forodha 2005, soko la pamoja likafuata 2010. Katika umoja wa forodha, wanachama hawatozani ushuru na wote humtoza mgeni kiwango kimoja. Soko la pamoja huongeza uhuru wa watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka.

Nchi sita waanzilishi wa Umoja wa Ulaya zilifuta ushuru baina yao Julai 1, 1968. Biashara haikufunguka yote. Ujerumani Magharibi ilizuia Cassis de Dijon, kileo cha Ufaransa chenye kilevi cha asilimia 15 hadi 20, kwa sababu sheria yake ilidai vileo vya matunda vifikishe 25. Serikali ilijitetea kwamba kileo chepesi huwazoesha watu ulevi kwa urahisi zaidi. Kampuni ya Rewe ilishtaki, na Februari 20, 1979 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua: bidhaa inayouzwa kihalali katika nchi moja isizuiwe katika nyingine, isipokuwa kwa sababu nzito kama afya ya umma. Uamuzi huo ulisaidia kufungua njia ya soko moja la Januari 1993.

Uingereza ilitoka humo mwanzoni mwa 2021. Mkataba wake mpya uliziachia bidhaa zinazotimiza masharti ya asili msamaha wa ushuru, lakini nyama inayopelekwa Ufaransa sasa hudai cheti cha daktari wa mifugo. Kwa muuza nyama mdogo, gharama ya cheti hicho ni ushuru kwa jina jingine. Mei 2025, London na Brussels zilikubaliana kutafuta mkataba wa viwango vya vyakula.