Kwa nini skrini ya matangazo hugoma kuonyesha video?

Skrini ya kituo cha mabasi au ya hospitali ikiwa nyeusi, abiria hajui basi lake linaondoka saa ngapi na mgonjwa hajui kama zamu yake imefika. Mara nyingi skrini yenyewe ni nzima. Nyuma yake kuna kompyuta ndogo inayocheza video, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwanza, weka video nyingine iliyowahi kucheza vizuri. Ikicheza, kosa liko kwenye faili, si kwenye kifaa. Jina kuishia na MP4 halitoshi. MP4 ni kasha tu. Picha zilizomo huenda zimebanwa kwa mfumo wa H.264, uliotoka mwaka 2003, au H.265, wa mwaka 2013. Raspberry Pi 3, kwa mfano, ina sehemu maalumu ya kufungua H.264, lakini haina ya H.265. Hapo video hukwamakwama, au sauti husikika bila picha. Dawa ni kuibadilisha iwe H.264, isiyozidi 1080p, kwa programu ya bure kama HandBrake.

Ikiwa hata video ya zamani haichezi, kagua umeme, waya wa HDMI na kadi ya kumbukumbu. Kumbuka pia kwamba flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi.

Mwisho, jaribu kila video kwenye kifaa kilekile kitakachoionyesha. Kucheza kwenye kompyuta ya ofisini si ushahidi.