Eropleni Iliyoanguka Tabora

Sisi tukaao Ng'ambo na pande zote za Tabora twazijua habari za njia ya misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, nao ulipimwa kabla ya kufungwa. Maana aliyezidishiwa mzigo hakufika. Leo twataka kuwapa habari za chombo cha angani kilichofika katika mji huu huu.

Tarehe 24 Januari 1920, eropleni ya namna ya Vickers Vimy iliondoka Brooklands, Uingereza, kwenda Cape Town. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome. Pamoja nao walikuwamo mafundi wawili, na Dr. Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, aliyeliandikia gazeti la The Times. Injini ziliwasumbua mara nyingi njiani, hata hivyo walifika Tabora. Tarehe 27 Februari, walipokuwa wakiruka ili waendelee na safari, eropleni ilianguka ikavunjika. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa, lakini safari yao iliishia hapo.

Tarehe 6 Machi, Vimy nyingine, iliyorushwa na Van Ryneveld na Brand wa Afrika ya Kusini, ilianguka ikiruka kutoka Bulawayo. Hao walipewa eropleni nyingine, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Bulawayo imepita kimo hicho. Katika nchi ya juu, hasa wakati wa joto, hewa ni nyepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha, na injini nazo hupungukiwa. Kwa hiyo eropleni irukayo upesi pwani, huku bara huhitaji kiwanja kirefu zaidi, au mzigo mdogo zaidi. Rubani asipopiga hesabu hiyo, akainua pua ya chombo kabla mwendo haujatosha, huanguka pamoja na wote aliowachukua.

Hatuwahukumu watu wale wa 1920, maana walikuwa wakifungua njia. Twanena juu ya kosa ambalo limewaua wengi tangu siku zile. Siku hizi rubani mwangalifu hupima mzigo, joto na kimo cha kiwanja. Tena huazimu mapema ni wapi atakaposimama, ikiwa mwendo hautoshi. Kusimama huko si aibu. Aibu ni kuendelea kwa kuwaogopa abiria wanaonung'unika.

Basi, enyi wazazi na walimu, neno hili latuhusu sisi tusiorusha kitu. Nahodha wa mtumbwi au dereva wa gari akisema, "Mzigo umezidi," msimsihi, wala msimwongezee fedha. Shukeni, mngoje safari nyingine, na watoto wenu waone jinsi mlivyofanya.