Maji ya Usangu kwenye ubao wa gololi

Zamani Mto Ruaha Mkuu ulipita kiangazi chote bila kukatika. Mvua za milima ya Kipengere na Poroto zilishuka kwa mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hadi tambarare za Usangu, mkoani Mbeya, zikajaza kinamasi cha Ihefu, nacho kikauachia mto maji kidogo kidogo hadi mvua zirudi. Mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la kawaida. Viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope. Nyati hutembea mbali kutafuta pa kunywa.

Siri ya mto huu iko Ng'iriama, mahali maji ya Ihefu yanapotoka kinamasini. Pale pana mwamba uliokaa kama kizingiti cha mlango. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto unatiririka. Yakishuka chini yake hata kwa shibiri moja, hakuna tone linalovuka, na yanayobaki kinamasini huliwa na jua. Ndiyo maana lita chache zinazochukuliwa Oktoba zina uzito mkubwa kuliko nyingi za Machi.

Lawama hazikuchelewa. Umeme ulipoingia kwenye mgawo miaka ya 1990, vidole vilielekezwa kwa wakulima wa mpunga wa Usangu, kwamba wamelikausha bwawa la umeme la Mtera, lililo chini ya mto. Hesabu haikubali: bwawa la Mtera hujazwa na maji ya msimu wa mvua, na mkondo wa kiangazi ni mdogo mno kulijaza. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao, na bado mto ukaendelea kukatika. Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi jijini London mwaka 2001 kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Haikuwa.

Cha kutazama ni banio, kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfereji wa mashamba. Banio la zamani lilikuwa la magogo, matawi, mawe na udongo, na lilivuja. Mafuriko yalilibomoa, wakulima wakalijenga upya, na maji yaliyopenya kwenye matawi yakawa fungu la watu wa chini ya mto bila mtu yeyote kuligawa. Kisha ikaja miradi ya kuboresha umwagiliaji, na mabanio ya zege yenye mageti ya chuma. Zege halivuji. Mto ukipungua, aliye juu anaweza kuuingiza wote mferejini mwake.

Vibali vya maji navyo viliandikwa kwa lita kwa sekunde, mara nyingi namba ileile Februari na Oktoba, ilhali mto wa Oktoba ni sehemu ndogo tu ya ule wa Februari. Mkulima akichukua chote alichoandikiwa, hakibaki kitu, naye hajazidisha hata lita moja.

Kuna upotevu mwingine usiosemwa sana. Baada ya mavuno, mageti huachwa wazi ili vijiji vipate maji ya kunywa na kufulia. Mfereji unasafirisha maji kilomita kadhaa kujaza ndoo chache. Mengine hunywewa na udongo njiani. Kisima kizuri kijijini kingeuachia mto sehemu kubwa ya maji hayo.

Mtafiti Bruce Lankford, aliyefanya kazi Usangu, alibuni mchezo wa kuonyesha jinsi maji ya mto yanavyogawanyika kati ya wa juu na wa chini. Ubao mrefu huinamishwa. Mfereji wa katikati ndio mto, gololi ndizo maji. Wachezaji huweka vijiti kukinga gololi ziingie kwenye vishimo, yaani mashamba yao. Raundi ya kwanza kila mtu hujipigania: wa juu hujaza vishimo, wa chini hutazama ubao mtupu. Baadaye hucheza kwa makubaliano, na hapo ndipo mazungumzo ya zamu yanapoanza, maana kila mmoja amekwisha kuona kwa macho yake gololi zilikoishia.

Sheria ya maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira. Jumuiya za watumia maji, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ndizo zinazoweza kupanga zamu hizo mtoni. Lakini zamu ya kwenye daftari haishindani na zege. Mabanio yanahitaji pengo la kudumu ambalo geti haliwezi kulifunga, ili mto unapopungua, wa juu na wa chini wapungukiwe pamoja, na maji yafike Ng'iriama yakiwa bado juu ya mwamba.